Kuiga mtiririko wa vimiminika vya baridi kali ndani ya injini za roketi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa nani?

Ni wa vijana wa Unguja na Pemba waliosoma mekanika ya vimiminika hata kidogo, wanaoweza kufungua programu ya uigaji na kupitisha maji kwenye bomba la kuchora, na sasa wanataka kitu kigumu zaidi. Kama hujawahi kuiga hata maji, anza na maji, kisha urudi hapa.

Sisi na injini za roketi, wapi na wapi?

Si mbali kama watu wanavyodhani. Tunguu hiyohiyo yenye kampasi ya SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) iliwahi kuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury wa kupeleka watu angani, mpaka kilipofungwa mwaka wa Mapinduzi, 1964. Mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa moja ya vituo vya mtandao ule. Roketi ya Atlas iliyomrusha ilichoma mafuta ya taa yaliyosafishwa kwa oksijeni ya kimiminika, yaani kitu chenyewe tunachokizungumzia hapa. Upande wa pili wa mwambao, Malindi ya Kenya (si hii yetu ya Mjini), Waitaliano walirusha roketi za Scout kutoka jukwaa la San Marco kuanzia 1967 hadi 1988. Hizo zilitumia fueli yabisi, kwa hivyo hazimo katika mada yetu, ingawa vijana huzitaja kila mara.

Halafu kuna sababu za leo. Mtungi wa naitrojeni ya kimiminika wanaoubeba wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe una fizikia ileile. Methani inayozungumzwa katika mpango wa kusindika gesi asilia kule Lindi ni methani ileile inayochomwa na injini ya Raptor ya SpaceX. Anayejua kuiga kimoja hatapotea kwenye chengine.

"Baridi kali" maana yake baridi kiasi gani?

Kwa presha ya kawaida ya hewa, methani huchemka kwenye nyuzi −161 za Selsiasi, oksijeni −183, naitrojeni −196, na haidrojeni −253. Katika kazi yetu tunatumia kelvini, basi zoea mapema: methani 112, oksijeni 90, naitrojeni 77, haidrojeni 20. Haidrojeni ya kimiminika ni nyepesi ajabu, kilo 71 tu kwa mita moja ya ujazo. Oksijeni ni nzito kupita maji, kilo 1,141.

Neno la kushika hapo ni "huchemka". Tangi la roketi lina kuta nyembamba ili liwe jepesi, kwa hivyo haliwezi kubeba presha kubwa. Matokeo yake, kimiminika huingia kwenye pampu kikiwa karibu kabisa na kuchemka. Kikivutwa kidogo tu, kinageuka mvuke.

Nimeshajifunza kuiga kavitesheni ya maji. Si nibadilishe densiti na mnato tu, basi?

Hapana. Kama utasoma jibu moja tu katika ukurasa huu, soma hili.

Kavitesheni ni mapovu ya mvuke yanayozaliwa pale presha inaposhuka chini ya presha ya mvuke ya kimiminika. Kwenye maji ya kawaida tunaichukulia presha hiyo kuwa namba moja isiyobadilika, takriban kilopaskali 3.2 kwa nyuzi 25, na tunaendelea na kazi. Tunasameheka, na sababu za kusameheka ni mbili. Kwanza, mvuke wa maji kwa jotoridi hilo ni mwepesi mno: densiti ya maji ni kama mara 43,000 ya mvuke wake. Povu moja linahitaji maji machache sana kugeuka mvuke, kwa hivyo joto linalonyonywa kutoka kwenye maji yaliyolizunguka ni dogo. Pili, hata jotoridi likishuka, presha ya mvuke ya maji inabadilika polepole, kama kilopaskali 0.2 kwa kila nyuzi moja.

Sasa njoo kwenye haidrojeni. Densiti ya kimiminika ni kama mara 53 tu ya mvuke wake. Povu la ukubwa uleule linahitaji kiasi kikubwa cha kimiminika kigeuke mvuke, na joto la kufanya kazi hiyo linatoka kwenye kimiminika kilicho jirani. Jirani anapoa. Na presha ya mvuke ya haidrojeni karibu na kelvini 20 inashuka kwa kilopaskali 30 hivi kwa kila kelvini moja.

Tufanye hesabu kwa mkono, maana hesabu hii naidai kwa kila anayenionesha picha za rangi. Chukua densiti ya mvuke, zidisha kwa joto fiche la uvukizi, gawa kwa densiti ya kimiminika mara joto mahsusi lake. Jibu ni jotoridi linalopotea pale ujazo mmoja wa mvuke unapozaliwa kwa joto lililochukuliwa kwenye ujazo mmoja wa kimiminika. Kwa haidrojeni: 1.34 mara 446,000, gawa kwa 71 mara 9,700. Unapata karibu kelvini 0.9. Zidisha kwa kilopaskali 30, presha ya mvuke imeshuka kwa kilopaskali 26 au 27, zaidi ya robo ya presha ya hewa tunayovuta. Oksijeni inatoa takriban kelvini 0.5 na kilopaskali 5. Maji ya nyuzi 25? Nyuzi 0.013. Hakuna kitu.

Maana yake ni kwamba kwenye vimiminika hivi kavitesheni inajizuia yenyewe. Povu likianza kukua, linakipoza kimiminika, presha ya mvuke inashuka, na povu linakosa nguvu ya kuendelea. Ukiiga kwa presha ya mvuke isiyobadilika utapata pango la mvuke refu kuliko la kweli, utadhani pampu yako imekufa kumbe inafanya kazi vizuri, na utamshauri mtu aongeze unene wa tangi bure.

Kwa hivyo mlinganyo wa nishati lazima uwashwe, presha ya mvuke ifuate jotoridi la kila seli (kile kipande kidogo cha meshi ambamo programu inakokotoa), na sifa zote (densiti, joto mahsusi, upitishaji joto, mnato, joto fiche) zitoke kwenye jedwali la kitu chenyewe. Vyengine vyote, pamoja na aina ya modeli ya msukosuko mnayogombania, vinakuja baada ya hapo.

Kama inajizuia yenyewe, mbona watu wanaiogopa?

Kwa sababu kujizuia si kutoweka. Tarehe 15 Novemba 1999 roketi ya Japani H-II, ile yenye namba 8, ilipaa kutoka Tanegashima. Injini yake ya LE-7 ilizimika kabla ya wakati na ikabidi roketi iharibiwe. Wajapani waliitafuta injini hiyo baharini, wakaiopoa kutoka kina cha kama mita 3,000. Uchunguzi ulionesha bapa la indusa ya pampu ya haidrojeni limevunjika kwa uchovu wa chuma, uliotokana na mitikisiko ya kavitesheni inayozunguka. Indusa ni ile parafujo ya mbele kabisa ya pampu, inayokipandishia kimiminika presha kidogo kabla ya gurudumu kuu.

Tazama vizuri: ilikuwa pampu ya *haidrojeni*, kimiminika kinachojizuia kuliko vyote. Urefu wa wastani wa pango la mvuke haukwambii lolote kuhusu namna linavyocheza kutoka bapa moja hadi jengine. Kwa hilo unahitaji uigaji unaofuata wakati, wa indusa nzima na si bapa moja, na hapo gharama inapanda kweli.

Ni sehemu zipi za injini zinazoigwa?

Zote zinazopitiwa na majimaji, lakini kila moja ina ugomvi wake.

Kwenye mabomba ya kulishia, ugomvi ni mitikisiko. Mwaka 2002 vyombo vya anga vya Marekani vya aina ya Shuttle vilikutwa na nyufa kwenye utando wa ndani wa bomba la haidrojeni, karibu na mlango wa pampu ya presha ndogo. Wataalamu wa NASA Ames waliiga mtiririko wa sehemu hiyo kwenye kompyuta kubwa, wakaonesha jinsi maji yanayorudi nyuma kutoka kwenye indusa yanavyoupiga utando. (Nasema "maji" kwa mazoea; ni haidrojeni.) Hilo ni somo zuri kwa anayedhani mtiririko unakwenda upande mmoja tu.

Kwenye tabopampu, yaani pampu inayozungushwa na tabaini, ni kasi. Pampu kubwa ya haidrojeni ya injini ya RS-25, ile ya Shuttle, huzunguka kama mara 35,000 kwa dakika na kutoa haidrojeni kwa presha inayopita megapaskali 40. Kwenye injekta na mifereji ya kupoza ukuta wa chemba, ugomvi ni nukta kikomo, na hiyo ina swali lake hapo chini. Valvu ni hadithi fupi: zikifungwa haraka, bomba linapigwa na wimbi la presha, na kwa hilo modeli ya mstari mmoja (inayofuata urefu wa bomba tu) inatosha mara nyingi. Usitumie nyundo ya tani kuua nzi.

Presha ikipita nukta kikomo, mapovu yanaenda wapi?

Yanakoma kuwapo. Juu ya nukta kikomo hakuna tena mpaka kati ya kimiminika na mvuke. Kwa oksijeni nukta hiyo iko kelvini 154.6 na megapaskali 5.04, kwa haidrojeni kelvini 33 na megapaskali 1.3, kwa methani kelvini 190.6 na megapaskali 4.6. Chemba ya RS-25 ina megapaskali 20 hivi. Kwa hivyo oksijeni inaingia pale ikiwa baridi na nzito, lakini haivunjiki kuwa matone kama dawa ya kunyunyizia mbu. Inayeyukia ndani ya gesi iliyoizunguka.

Kosa ninaloliona sana hapa ni mtu kutumia modeli ya matone kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Kosa la pili ni kutumia mlinganyo wa gesi bora. Juu kidogo ya nukta kikomo, badiliko la kelvini chache linaweza kuangusha densiti vibaya na kurusha joto mahsusi juu kama mnara. Milinganyo ya Soave-Redlich-Kwong (1972) na Peng–Robinson (1976) inatumika sana kwa sababu ni miepesi kukokotoa, lakini inaweza kukosea densiti kwa asilimia kadhaa hasa upande wa baridi. Kabla ya kuianza kazi, chora densiti yake kando ya ile ya jedwali, uone mwenyewe inapotea wapi.

Wanaotumia methani kupoza ukuta wana tahadhari ya ziada. Ikipita kwenye eneo lile la mnara, uwezo wake wa kubeba joto karibu na ukuta unaweza kuporomoka ghafla, na ukuta ukapata moto pale ambapo wastani wa mfereji unaonesha salama.

Kabla injini haijawashwa kuna "kupoza bomba". Hiyo nayo inaigwa?

Inaigwa, na ni ngumu kuliko inavyosikika. Bomba lina joto la hewa ya kawaida, kimiminika kina baridi ya kelvini 77 au 90. Kikigusa ukuta hakiugusi kweli: kinaelea juu ya utando wa mvuke wake, kama tone la maji linavyokimbiakimbia juu ya chuma cha chapati kilichopata moto sawasawa. Utando huo unazuia joto, kwa hivyo bomba linapoa polepole. Likishafika jotoridi fulani utando unapasuka, kimiminika kinaulowesha ukuta, na hapo kupoa kunakuwa kwa ghafla, presha inaruka.

Modeli nyingi za kuchemka zilizomo ndani ya programu zimepimwa kwa maji. Ukizitumia kwa naitrojeni bila kugusa kitu, wakati wa kupasuka utando utaukosa. Kwa mwanafunzi, anza na bomba la mstari mmoja lenye ukuta wenye uzito na joto mahsusi vya kweli, na ukumbuke kwamba joto mahsusi la chuma nalo linashuka sana kwenye baridi hiyo.

Nitumie programu gani? Sina pesa ya leseni.

OpenFOAM ni huria tangu 2004 na inatosha. SU2, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Stanford, nayo ni huria. Sifa za vimiminika chukua kwenye CoolProp, ambayo ni bure na inaongea vizuri na Python, au kwenye kurasa za NIST WebBook. Picha fanya kwa ParaView.

Mtego mmoja nautaja kwa jina kwa sababu kila kundi jipya linaukanyaga: kikokotozi cha OpenFOAM kiitwacho interPhaseChangeFoam kina modeli nzuri za kavitesheni, Schnerr-Sauer, Kunz na Merkle, lakini hakina mlinganyo wa nishati. Jotoridi humo halibadiliki. Kwa maji ni sawa. Kwa haidrojeni umerudi kwenye kosa la swali la nne. Ama utafute kikokotozi chenye nishati, ama uongeze mlinganyo huo mwenyewe. Ni kazi ya kiprogramu inayofaa kabisa kuwa mradi wa mwaka wa mwisho.

Programu nyengine za Marekani hazitolewi kwa watu wa nje kwa sheria zao za udhibiti. Usipoteze muda kuziandikia barua.

Kompyuta mpakato inatosha?

Kwa kujifunza, ndiyo. Nozeli ya venturi au kichwa cha mviringo unaweza kukiiga kama kabari nyembamba yenye ulinganifu wa mhimili, seli makumi elfu chache, na kompyuta ya kawaida itamaliza usiku kucha. Indusa nzima inayofuata wakati, hapana. Hiyo ni seli mamilioni na mashine ya kukodi.

Halafu umeme. Waliokuwapo wanaikumbuka miezi mitatu ya giza Unguja kuanzia Desemba 2009, waya wa baharini ulipoharibika. Siku hizi ni kukatika kwa saa, lakini saa moja inatosha kuua kazi ya siku mbili. Iamuru programu ihifadhi matokeo mara kwa mara na ifute ya zamani ili diski isijae, na hakikisha umejaribu kuianzisha upya kutoka kwenye hifadhi *kabla* hujaihitaji. Betri ya kompyuta mpakato hapa inaishinda kompyuta ya mezani yenye nguvu mara mbili.

Meshi iwe ndogo kiasi gani?

Mpaka jibu liache kubadilika. Fanya meshi tatu, kila moja nyembamba kuliko iliyotangulia. Ukutani y+ (kipimo cha umbali wa seli ya kwanza kutoka ukutani) iwe karibu na 1, kwa sababu jotoridi linalotuhusu linabadilika ndani ya tabaka jembamba sana, pale pale pango la mvuke linapouacha ukuta.

Uigaji wangu unalipuka baada ya hatua chache. Nimekosea wapi?

Angalia jedwali la sifa kwanza. Seli moja ikishuka chini ya jotoridi la kuganda, kelvini 63.2 kwa naitrojeni au 54.4 kwa oksijeni, jedwali halina jibu na programu inabuni. Weka mpaka, na iandike kila mara mpaka huo unapoguswa, la sivyo utakuwa unafunika tatizo.

Kama jedwali ni zima, shuku mwanzo wako. Usiwashe kila kitu kwa pamoja. Endesha kimiminika kitupu bila mvuke mpaka kitulie, kisha washa nishati, kisha kavitesheni, na ushushe presha ya mlango wa kutokea kidogo kidogo. Jambo jengine ambalo vitabu vya mwanzo havisemi: ndani ya mchanganyiko wa mapovu na kimiminika, kasi ya sauti inaweza kuanguka hadi mita makumi tu kwa sekunde. Mtiririko uliodhani ni wa polepole unageuka kuwa wa kasi kupita sauti, pahala padogo, na hatua yako ya muda haifai tena.

Picha zimetoka nzuri. Nitajuaje kama ni kweli?

Kwa picha hutajua. Linganisha na vipimo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, J. Hord, akifanya kazi Boulder, Colorado, kwa ajili ya NASA, alipitisha naitrojeni na haidrojeni za kimiminika kwenye venturi, bapa na vichwa vya mviringo, akapima presha *na* jotoridi ndani ya pango la mvuke. Ripoti zilitoka 1972 na 1973 na bado ndizo mizani ya fani hii. Karibu kila mwenye modeli mpya anapita kwanza kwake. Zinasomeka bure.

Anza na naitrojeni, si haidrojeni. Presha ikilingana na jotoridi lisilingane, hujafaulu: umepata jibu kwa kusukuma vigezo. Modeli za Zwart na wenzake na za Singhal zina vigezo vilivyopangwa kwa maji, na watu huvibadilisha mpaka mstari uguse nukta. Kubadilisha kunaruhusiwa. Ila vigezo ulivyovipata kwenye bapa uvijaribu kwenye kichwa cha mviringo bila kuvigusa, na uoneshe matokeo hata yakiwa mabaya.

Mwanangu anashinda usiku kwenye kompyuta, anasema anasoma roketi. Hii ni elimu au mchezo?

Ni elimu, mzee wangu. Mwambie akuoneshe hesabu yake ya karatasi. Kama hana karatasi, basi ni mchezo.

Tunaweza kupima wenyewe kwa naitrojeni halisi?

Inawezekana, kwa sababu naitrojeni haiungui wala haisaidii moto, na ndiyo maana maabara nyingi huitumia badala ya oksijeni. Lakini lita moja ikigeuka mvuke inakuwa gesi karibu lita 700, na inaisukuma hewa nje ya chumba bila harufu wala rangi. Msifanye ndani ya darasa la skuli lenye madirisha yaliyofungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Fanyeni uwanjani, pamoja na mtu aliyezoea mitungi hiyo, miwani na glovu pana zinazovulika kwa urahisi, na kamwe msiifungie naitrojeni kwenye chupa au bomba lisilo na valvu ya usalama. Oksijeni ya kimiminika msiiguse kabisa: ikimwagika juu ya lami au mafuta, kishindo kidogo tu kinaweza kuilipua.